Jinsi ya kupanga mabondia wakali kwa kipaji cha kuzaliwa, achana na rekodi

Kila nikikaa na watu wanaopenda masumbwi mjadala unaishia palepale, mtu anatoa simu, anafungua rekodi, anasoma namba kwa sauti na anaona kesi imeisha. Mayweather 50 bila kupoteza. Marciano 49 bila kupoteza. Haya, Sugar Ray Robinson kapoteza mara 19, ndo tuseme yuko chini yao? Mtu anayejua ngumi hawezi kukubali hilo, hata huyo mwenye simu moyoni hakubali, ila hana njia nyingine ya kupanga. Njia ipo. Mi nimeitumia miaka mingi, nina daftari langu, na nataka nikuonyeshe ninavyofanya ili na we utengeneze listi yako, listi ya kipaji tu, kile mtu alichozaliwa nacho.

Kwanza toa rekodi kichwani kabisa. Rekodi inakwambia mtu kashinda mara ngapi, haikwambii nani alimchagulia wapinzani, alipewa wiki ngapi za kujiandaa, alipigana nyumbani kwake au ugenini kwa majaji wa watu. Mfano ninaowapa watu siku zote ni Emanuel Augustus. Rekodi yake ni ushindi 38, kupoteza 34, sare 6. Ukiiona hivi unasema huyu ni bondia wa kujazia usiku wa mapambano. Sasa mtafute Oktoba 2000 pale Detroit akipigana na Mayweather kijana kabisa, uangalie jamaa anavyoyumba kama kamba ya nguo, mabega yanaenda huku miguu inaenda kule, na Mayweather anapata tabu ya kumsoma. Alisimamishwa raundi ya 9, sawa, lakini Mayweather mwenyewe, mtu aliyepigana na De La Hoya na Pacquiao na Canelo, baadae alikuja kumtaja Augustus kama mtu aliyempa kazi ngumu kweli. Huyo mtu alikuwa anakubali mapambano ya kuitwa dakika za mwisho, anasafiri, anapigana, anarudi. Zile 34 zinakueleza biashara ya ngumi, kipaji chake hazikigusi.

Alafu chagua umri. Hapa ndo watu wengi wanakosea. Huwezi kumpima mtu kipaji kwenye pambano alilopigana akiwa na miaka 36. Kipaji cha ngumi kiko kwenye macho na mishipa, na vitu hivyo vinaanza kuondoka mapema kuliko nguvu na mapema zaidi kuliko akili. Mi huwa nachukua mapambano matatu au manne mtu akiwa kati ya miaka 20 na 28 hivi, basi. Ukimtaja Ali kwetu huku kila mtu anaruka moja kwa moja Kinshasa, Oktoba 30, 1974, raundi ya 8, Foreman chini, uwanja mzima unaimba Ali boma ye. Pambano kubwa kuliko yote, nalipenda mno. Lakini kwa kazi yetu hii si la kutumia, maana Ali wa Kinshasa alikuwa na miaka 32 na alishinda kwa akili, moyo na uwezo wa kula ngumi akiwa kwenye kamba. Ali wa kumpima kipaji ni yule kabla hawajamfungia 1967 kwa kukataa kwenda jeshini. Mtu wa uzito wa juu anateleza kama wa kilo 60, mikono chini, anarudisha kichwa nyuma ngumi inapita sentimita mbili mbele ya pua. Walimnyang'anya miaka mitatu na nusu, yaani miaka ile ile ambayo sisi tungeitumia kumpima, na hilo linaniuma mpaka leo.

Angalizo lakini, mpinzani naye aangaliwe. Watu wanapenda kutuma klipu ya Ali na Cleveland Williams, Novemba 1966 kule Houston, na kweli Ali anapendeza sana mle, ila Williams alikuwa kapigwa risasi na polisi miaka miwili nyuma, hakuwa yule Williams wa zamani. Kwaiyo mi natumia pambano hilo kuangalia miguu tu, siyo kuhesabu alivyompiga mwenzake. Kwa ujumla ukiona bondia anang'aa, jiulize anang'aa mbele ya nani. Kipaji cha kweli unakipima mbele ya mtu ambaye naye ni hatari.

Sasa unapoangalia, zima sauti. Simaanishi upunguze, zima kabisa. Mtangazaji anakutengenezea pambano ambalo macho yako hayajaliona, akishamwita mtu fundi unaanza kuona ufundi hata pasipo na ufundi. Raundi ya kwanza usiangalie ngumi kabisa, angalia nafasi iliyoko kati yao wawili, ile hewa. Kuna mmoja anaimiliki. Akitaka iwe kubwa inakuwa kubwa, akitaka iwe ndogo anaingia nusu hatua, anapiga, anatoka, na mwenzake kila saa yuko karibu sana au mbali sana. Nikitakiwa kuchagua kitu kimoja tu cha kupima kipaji ntachagua hicho, kujua umbali bila kufikiri.

Nilielewa hili vizuri kwa dogo mmoja wa mtaani kwetu Manzese. Alikuwa na miaka kama 16, mwembamba, mazoezini anakuja siku mbili wiki nzima hayupo. Siku moja mwalimu akamweka na jamaa mkubwa ambaye alikuwa anajiandaa na pambano, eti dogo amsaidie kupasha. Jamaa akarusha ya kulia kwa nguvu, dogo hakuruka, hakuinama, aligeuza shingo kidogo tu kama mtu aliyeitwa jina na mtu aliye pembeni, glovu ikapita ikimgusa sikio, na kabla jamaa hajarudisha mkono dogo kashamgonga mbavu mbili na yuko upande wa pili. Hakuna aliyemfundisha ile. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nafunga bandeji nikaacha kufunga. Dogo yule hakuwahi kuwa na rekodi yoyote, ngumi aliacha. Lakini toka siku ile najua ninachokitafuta nikiangalia pambano: nani anasogea pungufu ya inavyohitajika kuokoka, na bado anaokoka.

Kitu cha pili cha kutafuta mi naita ngumi iliyotoka pili ikafika kwanza. Kwenye YouTube kuna sehemu ya kupunguza spidi, weka nusu, alafu tafuta sehemu mpinzani kaanza kurusha, bega limeshaondoka, na mtu wetu kaanza baadae ila ngumi yake ndo inafika. Mtu wa kawaida anaipata mara moja moja. Mtu mwenye spidi tu anaipata kidogo zaidi. Mwenye kipaji kinachotisha anaifanya raundi baada ya raundi, maana anaona ngumi kabla haijatoka, sijui anaona bega, sijui kiuno, sijui macho, nadhani hata wenyewe hawajui.

Hapa ndo inabidi tumzungumzie Roy Jones Jr, na ntakaa naye kidogo maana bila yeye hii listi haina kichwa. Nenda Novemba 18, 1994, Las Vegas, Jones na James Toney. Toney hajapoteza, watu wengi wanasema ndo bondia mkali kuliko wote wakati huo bila kujali uzito, na ni fundi kweli, siyo mtu wa kuchezewa. Raundi ya 3 Jones anashusha mikono yote miwili, anainyoosha nyuma, anatoa kifua mbele kama jogoo anayetaka kupigana (anafuga majogoo kwelikweli, na mwenyewe alishasema kuna vitu alijifunza kwa kuwaangalia). Toney anajibu dharau kwa dharau, naye anashusha. Sekunde hiyo hiyo Jones anaruka na ngumi ya kuzungusha ya kushoto, kutoka mbali, mikono ilikuwa chini, hakuna maandalizi, haina jabu, ile ngumi ya mkono wa mbele ya kumpimia mtu umbali, na Toney anaenda nyuma mpaka kwenye kamba, refa anamhesabia. Mwalimu yeyote duniani ukimfanyia ile mazoezini atakufukuza. Ni kosa kila sehemu: unaruka, kidevu kiko wazi, miguu yote imeacha ardhi. Kwa Jones haikuwa kosa kwa sababu alikuwa anaona mapema kuliko wenzake. Ni kweli Toney alikuwa kaminywa sana na uzito, andika hilo pembeni, mi nimeliandika. Bado.

Juni 1995 akapigana na Vinny Pazienza, na raundi ya 4 nzima CompuBox, wale wanaohesabu ngumi, hawakumwandikia Pazienza ngumi hata moja iliyofika. Dakika tatu. Mwanaume mzima, bingwa wa zamani, anajaribu na hagusi kitu.

Baada ya hapo inakuja hatua ngumu: toa kile mtu alichofundishwa. Chukua kila kitu kizuri anachofanya ujiulize, je hiki mwalimu mzuri anaweza kumpa kijana mwenye bidii? Kama jibu ni ndiyo, kipunguzie maksi, siyo kwa sababu ni kibaya, ni kwa sababu tunapima kitu kingine. Mayweather, ile ya kuficha kidevu nyuma ya bega na kutelezesha ngumi, ni shule ya familia, baba bondia, baba zake wadogo mabondia, alikuwa kwenye glovu toka mdogo. Macho yake ni ya kuzaliwa nayo, hilo sibishi, ila theluthi mbili za anachokifanya ni kazi, kazi ya usiku na mchana, na ndo maana ilidumu. Lomachenko hivohivo. Kwenye ngumi za ridhaa kashinda 396 na kupoteza 1, pambano lake la tatu tu la kulipwa akachukua mkanda wa dunia, na ile miguu inayozunguka mpaka mpinzani anabaki anaangalia kamba, watu wanasema kipaji, kipaji. Lakini baba yake ndo alimtoa mazoezini utotoni akampeleka kucheza ngoma za asili za Ukraine kwanza, makusudi, ili miguu ijue. Ile ni kazi ya mikono ya baba, nzuri kupita maelezo. Kwenye daftari langu Lomachenko yuko juu sana kwenye ufundi, na kwenye kipaji yuko wa tisa.

Utaniuliza mbona Jones naye kafundishwa na baba yake tena kwa ukali. Kweli, ila baba hakumfundisha kuvunja sheria zote za ngumi na kupona. Hilo halifundishiki.

Tyson ananipa shida hapa, naomba niseme ukweli. Bingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 20 na miezi minne, Novemba 1986, spidi ile kwenye mwili ule haijaonekana tena. Ila ukiangalia kile kichwa kinachoyumba kushoto kulia na glovu zimebana mashavu, kile ni kitu cha mwalimu wake Cus D'Amato kutoka mwanzo mpaka mwisho, na Cus alipofariki 1985 na wale aliowaacha walipoondolewa kichwa kikaanza kusimama sehemu moja. Kama ingekuwa ya kuzaliwa isingeondoka haraka vile. Spidi na uzito wa mkono ni vyake, mwendo wa kichwa aliazimwa.

Sasa kuna hatua ambayo sijawahi kuona mtu mwingine anaitumia na kwangu ndo yenye nguvu kuliko zote. Angalia alivyoanguka. Mtu aliyeshinda kwa kufundishwa anazeeka polepole kama nyumba ya mawe, unatoka upako, unatoka mlango, nyumba bado ipo. Mtu aliyeshinda kwa kipaji anaanguka siku moja. Macho yakichelewa kidogo tu, yale makosa aliyokuwa anayafanya miaka 15 bila kuadhibiwa yote yanadaiwa usiku mmoja.

Weka Jones na Bernard Hopkins mezani. Mei 1993 wamekutana Washington, Jones ana miaka 24, kashinda kwa pointi bila utata, na mwenyewe alisema mkono wa kulia ulikuwa na maumivu, kwaiyo sehemu kubwa kamfanyia Hopkins kazi kwa kushoto. Machi 2003 Jones akapanda mpaka uzito wa juu, akiwa na kilo 87 hivi akampiga John Ruiz wa kilo 102, mtu aliyeanza akiwa bingwa wa uzito wa kati sasa ana mkanda wa majitu. Mei 2004, mwaka mmoja na miezi miwili tu baadae, Antonio Tarver kamlaza raundi ya 2 kwa ngumi moja. Septemba mwaka huohuo Glen Johnson kamlaza raundi ya 9, na alibaki chini muda mrefu mpaka nikaogopa. Miaka 35. Wakati huo Hopkins anaendelea tu, miaka 46 kachukua ubingwa wa dunia, 48 kachukua tena, 49 bado anaunganisha mikanda. Aprili 2010 wakarudiana, Hopkins kashinda kwa pointi nyingi. Kwa rekodi ngoma droo, moja moja. Na wapo wanaosema hii inaonyesha Hopkins ndo alikuwa mkali zaidi. Kwa career, yawezekana, sibishani nao. Kwa kipaji naona kinyume kabisa: Hopkins alijijenga kitu kisichotegemea mwili wa kijana kwa sababu mwili wake haukumpa zawadi ile, na Jones hakujenga kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Ukubwa wa anguko lake unakuonyesha ni kiasi gani kilikuwa kimebebwa na kipaji peke yake.

Ukishaelewa hapo unaweza kumwelewa Wilfred Benitez, na huyu naomba kila mtu amtafute maana anasahaulika vibaya. Mtoto wa Puerto Rico, kaanza ngumi za kulipwa akiwa na miaka 15. Machi 6, 1976, San Juan, ana miaka 17, anapigana raundi 15 na Antonio Cervantes, bingwa aliyekuwa ameshatetea mkanda mara 10, na anashinda. Miaka 17! Mpaka leo hakuna aliyekuwa bingwa wa dunia akiwa mdogo kuliko yeye. Akiwa na 22 alikuwa ameshachukua ubingwa kwenye uzito wa tatu tofauti. Walimwita Rada. Na inajulikana mazoezi hakuyapenda, kwenye pambano na Sugar Ray Leonard 1979 ilisemwa wazi kwamba hakujiandaa ipasavyo, na bado kamfikisha Leonard raundi ya 15, refa kasimamisha zimebaki sekunde chache kengele ilie.

Pambano lake la kuangalia ni Januari 1982 na Roberto Duran. Benitez anajiegemeza kwenye kamba, ambapo mbele ya Duran ni kama kukaa mlangoni kwa simba, na Duran anarusha tatu, nne, tano, na kichwa cha Benitez kinasogea kiasi cha upana wa kiganja, huku, huku, chini, miguu imetulia kabisa. Rudisha nyuma angalia macho yake. Hayafumbi. Mtu anarushiwa ngumi usoni na kope hazishuki. Leo hii ubongo wake umeharibika kwa zile ngumi za miaka ya mwisho alizoendelea kupigana wakati rada imeshazima, familia ndo inamtunza miaka mingi sasa, na kila nikimwandika kwenye listi namwandika kwa uchungu.

Tahadhari moja tu, usije ukaanza kumpa mtu maksi kwa sababu ni mvivu. Uvivu siyo kipaji. Wavivu wapo wengi na hawajui kitu. Uvivu unatusaidia tu kuona, maana mtu asiyefanya mazoezi na bado anawasumbua wanaofanya, kile kilichobaki ni cha kuzaliwa nacho.

Uzito wa ngumi uweke kwenye safu yake peke yake. Ni zawadi, hakuna ubishi, John Mugabi wa Uganda alifika kwa Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati, Machi 1986 akiwa hajapoteza na wote aliowashinda kawalaza, Robert Wangila wetu wa Kenya kachukua dhahabu Seoul 1988 kwa kumlaza Mfaransa Boudouani raundi ya 2 ya fainali. Lakini mkono mzito bila macho unakutana siku moja na mtu asiyepatikana. Mi naupa nusu ya maksi za macho na umbali. Naseem Hamed wa Sheffield ndo alikuwa na vyote, anapiga akiwa amepinda kiuno kama anaokota kitu, mguu mmoja hewani, na mtu analala. Kapoteza mara moja tu, kwa Marco Antonio Barrera wa Mexico Aprili 2001, na akiwa na miaka 28 kaondoka kabisa. Listi ya rekodi haijui imweke wapi. Yangu inajua.

Na usichokiona usikipange. Harry Greb wa miaka ya 1920 ndo mtu pekee aliyemfunga Gene Tunney, bingwa wa uzito wa juu wa enzi zile, lakini hakuna pambano lake hata moja lililobaki kwenye filamu, kwaiyo kwenye listi hii hayupo, siwezi kumpa mtu maksi za macho kwa kusoma magazeti. Robinson tunaye nusu, yale ya utoto wake kwenye uzito wa kilo 67, ambapo wazee walisema ndo alikuwa Robinson mwenyewe, karibu yote hayapo, tunamwona akiwa mkubwa tayari. Na bado Mei 1957 akiwa na miaka 35 kamlaza Gene Fullmer kwa kushoto moja akiwa kama anarudi nyuma. Namwandika kwa penseli, wa pili au wa tatu.

Sheria hiyo hiyo inanilazimisha kumwacha Philip Waruinge bila namba, na imeniuma kuliko wote. Mtu wa Nakuru. Olimpiki ya Mexico 1968 kapoteza nusu fainali kwa pointi kwa mwenyeji, Antonio Roldan, ambaye baadae kachukua dhahabu kwa sababu mpinzani wake wa fainali aliondolewa na refa. Waruinge akarudi na shaba. Lakini kombe la Val Barker, lile wanalompa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote kwenye mashindano mazima, walimpa yeye, mwenye shaba, wakawaacha wenye dhahabu wote. Seoul 1988 likatokea tena, fainali Jones kamgonga Mkorea Park Si-hun ngumi 86 kwa 32, majaji wakampa Park, alafu Val Barker wakampa Jones. Wale wale waliokaa uwanjani waliona. Ukitaka kujua tofauti ya rekodi na kipaji iko wapi, iko kati ya ile medali na lile kombe. Munich 1972 Waruinge kapata fedha, alafu kaenda kupigana Japani kwa jina la Waruinge Nakayama. Nilichokiona chake ni vipande vipande tu, havitoshi kumpa haki. Ukipata zaidi, mpange wewe. Ayub Kalule naye, mashoto wa Uganda, bingwa wa dunia wa ridhaa Havana 1974 na wa kulipwa 1979, huyu anaonekana vizuri kwenye pambano lake na Leonard 1981 kabla hajasimamishwa raundi ya 9, angalia raundi za katikati Leonard anavyomtafuta asimpate sawasawa.

Kupanga kwenyewe usipange kumi kwa mpigo, utachanganyikiwa. Chukua wawili wawili. Jones na Benitez, nani anaona mapema? Benitez. Nani anaweza kufanya kitu na alichokiona? Jones, mbali sana. Jones anapita. Benitez na Pernell Whitaker? Hapa nilikaa wiki mbili. Whitaker kazaliwa Norfolk, Virginia, mashoto, anachuchumaa mpaka goti karibu liguse ulingo na ngumi zinapita juu, na Septemba 1993 kamfanyia Julio Cesar Chavez, aliyekuwa hajapoteza pambano lolote toka aanze, kitu ambacho majaji wawili waliita sare na dunia nzima iliona ni wizi. Nikampa Benitez mbele kwa sababu ya ile miaka 17, na kwa sababu Whitaker alifanya mazoezi. Ukimweka Whitaker mbele sitakulaumu.

Kwaiyo yangu ilivyo leo: Jones, Benitez, Robinson kwa penseli, Whitaker, Ali wa kabla ya 1967, Hamed, Toney, Tyson, Lomachenko, na Augustus wa kumi. Ndiyo, Augustus, na Mayweather yuko wa kumi na moja.

Kama unaanza leo na bando lako ni dogo usianze na raundi 15. Anza na raundi ya 3 ya Jones na Toney, kisha ya 4 ya Jones na Pazienza, zote kwa nusu spidi, sauti imezimwa. Kesho yake ndo ufungue Benitez na Duran, chora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa ngumi alizorusha Duran na mmoja wa zilizofika, na usisahau kuangalia zile kope.